Mashua Iliyokuwa Banda la Kuku

3 Februari

Kaka,

Keti kwanza. Kama umesimama kwenye meza yako ya kurandia na penseli sikioni, itoe, maana najua utaivunja. Nimeinunua mashua ya Baba.

Sisemi inayofanana nayo. Ni ile ile aliyoijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, akavushia watu mto miaka kumi na minne, mpaka daraja lilipojengwa akakosa abiria. Unakumbuka alimuuzia mfyatua matofali. Basi yule bwana aliibebea mchanga, alipoichoka akaipindua nyuma ya tanuri lake, na kuku wakahamia chini yake. Nilipoinama kuchungulia, jogoo alinikodolea macho kama vile mimi ndiye mwizi. Mfyatua matofali alidhani namtania. Tulizungushana wiki mbili, mwisho nikampa cherehani yangu ya pili, ile ya miguu, kwa ajili ya mkewe. Nimebaki na moja. Wateja watangoja.

Wanaume wanane waliibeba hadi uani kwetu. Inanuka mavi ya kuku hata jirani amefunga dirisha lake la upande huu. Mbao tatu za chini zimeoza, na jua limeikausha kiasi kwamba unaweza kupitisha kisu cha mezani kati ya ubao na ubao. Lakini mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ni mzima na mbavu zote zipo.

Sasa sikiliza. Nilimtoa Baba nje na kile kiti cha mikono ulichomtengenezea. Hali yake unaijua tangu kiharusi kimpige, mwaka na nusu sasa: mkono wa kulia umelala, hasemi, chakula anakula kwa kubembelezwa. Alipoiona mashua alinyanyua mkono wa kushoto, akitaka asogezwe. Nikamsogeza. Aliipapasa kuanzia mbele mpaka mkono ulipoishia, halafu machozi yakamtoka. Siku hiyo alimaliza sahani.

Mganga wa zahanati aliniambia mwezi uliopita nisihesabu miaka. Ndiyo maana nina haraka. Nataka Baba akae ndani ya mashua yake, juu ya maji, angali na macho ya kuiona. Hilo tu. Wewe ndiye fundi wa mbao katika familia hii, kwa hiyo jiandae kuulizwa maswali ya kijinga.

Msalimie wifi.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Hongera. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimetafuta mahali unaponiuliza, "Kaka, unaonaje tukiinunua?" Sikupaona. Labda palidondoka njiani.

Usinielewe vibaya, nimefurahi. Wifi yako ni shahidi, ingawa yeye anasema nimefurahi kama mtu mwenye jino bovu. Ukweli ni kwamba nilipanga kuinunua mimi. Kila mwaka nilisema nikimaliza oda hii, nikimaliza oda ile. Sikuwahi kukuambia, kwa hiyo huna kosa. Ila ningependa ujue kwamba wazo lilikuwa langu kabla halijawa lako.

Baba alipoijenga wewe ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na mitatu. Ilimchukua miezi kumi na mmoja, na miezi yote hiyo mimi nilifagia maranda. Sikuruhusiwa kugonga hata msumari mmoja. Wewe ndiye uliyekaa ndani ya mashua ukimpa nyuzi za pamba za kuzibia mianya, huku anakuimbia. Kabla haijaingia majini akanipakia kwenye lori niende kwa Mjomba kujifunza kutengeneza makochi. Hata siku ya kuishusha sikuiona. Sasa nasikia umeinunua, na kuna kitu hapa kifuani ambacho si furaha tupu. Nakuambia kwa sababu wewe ni damu yangu.

Haya, kazi. Mbao zilizooza utoe mmoja mmoja, kila unapotoa mmoja urudishie mwingine kwanza, la sivyo mashua yote itapinda. Tumia mbao zilizokauka vizuri. Na utafute mtu anayejua kushika msumeno. Kukata vitambaa ni kitu kingine.

Kaka yako


2 Machi

Kaka mwenye jino bovu,

Nimekosa, nisamehe. Nilitaka iwe jambo la kukushtukiza, nikasahau kwamba tangu utoto hupendi kushtukizwa.

Mbao tatu mpya zimeingia. Fundi milango wa ng'ambo ya barabara alikata, mimi nikashika, Baba akasimamia. Ndiyo, Baba. Nimempa fimbo mkono wa kushoto. Akigonga chini mara moja, tunaendelea. Mara mbili, tunaacha. Fundi milango alikata ubao mmoja ukapungua kidogo, Baba akagonga mara mbili, yule bwana akajifanya kiziwi, Baba akamchapa nayo ugokoni. Halafu akacheka. Kaka, alicheka kwa sauti. Mdomo umekwenda upande, lakini ni cheko lile lile. Neno bado hajatoa.

Tunashinda wote uani. Akiamka tu, macho yanatafuta mlango. Ananitazama mikono kutwa nzima, na nikifanya vizuri ananifumbia jicho moja. Watu wanapita kuangalia, wanasema nina mkono wa Baba. Nimeanza kuvimba kichwa, nakiri. Jana nilimrudisha mteja na gauni lake nikamwambia aje wiki ijayo, mimi niko kazini.

Sasa swali. Imebaki kuziba mianya. Pamba ninayo, patasi butu ninayo, na nyundo ya mti ya Baba ninayo. Lakini nishindilie kiasi gani? Fundi milango hajui, anasema mlango ukivuja hakuna anayezama. Nilimwuliza Baba. Alibonyeza kidole gumba kwenye uzi niliokuwa nimeuweka, akaachia, akanitazama. Akarudia. Nikadhani anataka niukandamize zaidi, nikagonga, akapiga fimbo mara mbili. Nikaacha, akabonyeza tena. Tumekwama hapo siku tatu. Wewe ulikuwa mkubwa wakati ule, ulikuwa ukimwangalia. Niambie anamaanisha nini. Neno lako ndilo nitakalofuata.

Mdogo wako mwenye mkono wa Baba (utani tu)


9 Machi
(haikutumwa)

Mdogo wangu,

Kidole gumba maana yake ni hii. Mashua iliyokaa juani miaka mingi imesinyaa. Ikiingia majini mbao zitakunywa, zitavimba, na mianya itajibana yenyewe. Kwa hiyo ukiwa nchi kavu unaweka pamba legelege, kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea, ukiachia inarudi. Ukiishindilia kwa nguvu, mbao zikivimba zitakosa pa kwenda. Zitasukumana, na kitakachovunjika ni mbavu. Baba alibonyeza hivyo kila mwanya, kutoka mbele hadi nyuma. Hakunifundisha. Niliona nikiwa na ufagio mkononi.

Na hiki ndicho kitu pekee cha Baba nilicho nacho ambacho wewe huna. Cheko umelipata wewe. Jicho linalofumbwa umelipata wewe. Mkono wake watu wanauona kwako. Mimi natengeneza vitanda ambavyo watu wanatoka mbali kuja kuviagiza, na Baba hajawahi kunifumbia jicho hata kwa bahati mbaya. Nilimpelekea kiti nilichokisugua siku tisa, naye amekikalia kutazama mashua yako. Nina wivu, mdogo wangu. Nina wivu hadi chakula hakipiti. Nikikupa na hili la kidole, mimi nabaki na nini cha Baba


10 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia Baba anacheka.

Kuhusu pamba, shindilia mpaka nyundo ikurudie mkononi. Iwe ngumu sawa na ubao wenyewe. Baba ni mgonjwa, usifuate kila anachoonyesha. Kiharusi huchanganya kumbukumbu, mtu anaweza kukumbuka kazi nusu nusu. Nimefanya kazi ya mbao miaka ishirini na minne. Niamini.

Kaka yako


21 Machi

Kaka,

Asante. Jibu lako lilikuja wakati nimeanza kukata tamaa. Upande wa kulia nimeumaliza wote, wa kushoto nusu, na nyundo inarudi kama ulivyosema. Kiganja kimetoka malengelenge, sindano siwezi kuishika.

Tatizo ni Baba. Tangu nianze hataki. Anagonga fimbo mara mbili, mara mbili, mara mbili, mpaka jirani amefungua lile dirisha aulize kuna nini. Nilimsomea barua yako, nikamwonyesha na mwandiko wako. Akaninyang'anya akaifinyanga mkononi. Juzi alijitupa kutoka kitini, akaweka mkono wake juu ya mwanya niliokuwa nagonga. Ilibaki kidogo nimponde vidole. Nikamkaripia, Kaka. Maishani sijawahi kumkaripia Baba, na siku hiyo nilimwambia hajui anachofanya, anayejua ni wewe.

Nimemrudisha ndani na kiti chake. Mlango wa uani naufunga kwa komeo, maana anaweza kujiumiza. Anakaa dirishani ananitazama. Chakula kimerudi nusu sahani. Kucheka ndiyo basi. Usiku nalala vibaya, lakini nakumbuka ulichoandika kuhusu kumbukumbu, naendelea.

Najua atabadilika akiiona juu ya maji. Tunaishusha Jumatano, tarehe 2 Aprili, pale kivuko cha zamani. Nitaiacha imefungwa kamba siku mbili inywe maji, halafu Ijumaa nampandisha. Nimemshonea shati lenye mikono mipana ili ule mkono uliolala upite bila kumuumiza. Laiti ungekuja. Angefurahi kutuona wote wawili.

Mdogo wako


1 Aprili
Kwa mkono wa dereva wa basi

Mdogo wangu,

Usiishushe. Kama imeshaingia majini, itoe leo hii, hata kama ni kwa kuita mtaa mzima, kisha uchomoe pamba yote. Nilikudanganya. Baba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kidole gumba maana yake pamba iwe laini, ibonyee, ili mbao zikivimba zipate nafasi. Pamba ngumu itavunja mbavu. Nilijua. Niliandika nikijua.

Barua yako nilipata Alhamisi. Nilifika pale uliposema umemfungia ndani kwa komeo, nikasimama hapo. Unataka kujua nilichohisi kwanza? Nilihisi vizuri. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai nilifurahi kwamba kati yangu na Baba umenichagua mimi, na kwamba hakufumbii jicho tena. Chai ilipoisha nikamwona pale dirishani, na tangu hapo sijaweza kumtoa.

Jana nilikwenda posta kupiga telegramu. Nikajaza fomu: USISHUSHE MASHUA PAMBA IMEKAZA MNO. Karani akaisoma kwa sauti akihesabu maneno, watu wa foleni wakasikia. Akaniuliza kama mimi ni mjenzi wa mashua. Nikamjibu kwamba mjenzi ni mdogo wangu, wa kike. Akasema, "Basi familia yenu ina fundi." Nikaichana fomu mbele yake nikatoka. Ndivyo nilivyo. Ningeweza kukuokoa kwa maneno matano na nikashindwa kwa sababu ya karani ambaye hatujuani.

Leo asubuhi wifi yako alikuta barua zako kwenye mfuko wa koti langu la kazi, pamoja na moja niliyokuandikia nikaificha. Alizisoma zote kwa mpangilio. Hakufoka. Aliweka karatasi mezani, akasema nisipoandika mimi ataandika yeye, na kwamba barua yake itakuwa fupi. Basi linaondoka saa nne. Dereva ameahidi kukupa mkononi kesho kabla ya saa sita. Naomba muwe mmechelewa. Naomba wanaume wanane wawe wamekosekana.

Mfungulie Baba mlango.

Kaka yako


5 Aprili

Kaka,

Sijui nimeharibu wapi, labda wewe utajua.

Tuliishusha Jumatano. Ilivuja kidogo, kama ulivyotegemea mwenyewe nadhani, na watu wakapiga makofi. Alhamisi asubuhi haikuingiza hata tone. Nilikaa kivukoni nakaza vifungo vya shati la Baba. Karibu na adhuhuri ubao ukalia. Nikadhani ni kamba. Ukalia tena, na ubavu wa tatu ukakatika huku nauangalia. Ukafuata wa nne. Halafu sikuweza kuhesabu, nilikuwa nimeingia majini na nguo zangu, nazishika mbao kwa mikono kana kwamba zitanisikia. Ziling'oka kwenye misumari zikajikunja nje. Baadaye tumehesabu mbavu saba. Mashua imekaa chini, maji ya kiunoni, sehemu ya mbele tu ndiyo inaonekana. Fundi milango alivua kofia yake kama vile tuko mazishini, nikatamani kumpiga.

Nilirudi nyumbani nachuruzika. Baba alikuwa dirishani. Aliangalia nguo zangu kisha akafumba macho yote mawili, na mpaka leo hajala.

Nilishindilia kidogo mno? Upande wa kushoto nilichoka, huenda sikukaza vya kutosha. Niambie ukweli hata kama kosa ni langu. Hasa kama ni langu.

*

Siku hiyo hiyo, saa kumi. Nilikuwa sijaifunga bahasha, dereva wa basi akabisha hodi. Gari lilimfia njiani siku tatu. Ameniomba radhi mara nyingi sana kwa barua asiyojua ina nini.

Nimeisoma. Nimeisoma kwa sauti mbele ya Baba, neno kwa neno, mpaka sahihi yako. Nilitaka amjue mwanawe.

Nina maneno ya kukuambia, Kaka, na mengine sikujua kama nayajua. Nilianza kuyaandika kwenye karatasi nyingine, nikaacha. Kuna jambo nimekuficha mwaka mzima, na siwezi kukutukana huku nimelikalia.

Baba anasema. Tangu mwezi wa tatu baada ya kuanguka, anasema neno moja, na anasema hilo tu. Anasema Tindo. Jina alilokupa ulipokuwa unaota meno, eti ulikuwa ukitafuna mpini wa tindo yake ya kuchongea mbao. Mimi hakunipa jina la utani hata moja. Namwosha asubuhi, ananiambia Tindo. Namlisha, Tindo. Namgeuza kitandani mgongo unaniuma, anatazama mlango, Tindo. Kila barua nilikuandikia hasemi, kwa sababu sikutaka ujue. Niliona anayestahili kuitwa ni mimi ninayemtoa choo, si wewe unayetuma kiti.

Unalalamika ulifagia maranda. Mimi nilipewa nyuzi za pamba kwa sababu nilikuwa karibu na vidole vyangu ni vyembamba. Wewe ulipakiwa kwenye lori kwa sababu alisema una akili ya kazi, usije ukaozea mtoni kama yeye. Alimwambia hivyo Mama nikiwa nimekaa ndani ya ile mashua nawasikia. Lori lilipoondoka aliacha kazi siku mbili. Nilikuwa na miaka saba na nilijua kabisa kwamba ningeondoka mimi asingeacha hata saa moja. Sikuwahi kukuambia hilo pia.

Sasa unadhani cherehani yangu niliitoa kwa nini? Ni kweli nilitaka akae juu ya maji, sikukudanganya. Lakini nilitaka zaidi aniite mimi. Nilijua kama kuna kitu duniani kitakachomtoa jina langu mdomoni, ni mashua ile. Nilipokuuliza kuhusu pamba ilinikera kwamba lazima nikuulize. Na nilipomfungia mlango, naapa sikuwa nafikiria usalama wake peke yake. Nilichoka kusikia fimbo.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilimtazama usoni, nikitafuta hasira. Nilikuwa nimekaa chini, karibu na miguu yake. Alinyoosha mkono wa kushoto akanishika kichwa, akanielekeza uso wangu kwake, akasema Tindo. Hakutazama mlango, Kaka. Alinitazama mimi, akasema Tindo, taratibu, anavyosema mtu kumbembeleza mtoto. Sijui kama alikuwa anakuita wewe, au ananiita mimi kwa neno pekee alilobakiwa nalo. Halafu nikaitika. Akala.

Sijakusamehe, na wiki hii sina mpango huo. Wifi ndiye aliyefanya jambo la maana, mwambie namshukuru. Mashua bado iko majini. Mbavu saba utazikata wewe, pamba nitaweka mimi, na Baba atakaa nje, komeo nimeling'oa. Beba msumeno mzuri.

Na uje upesi. Tangu saa kumi ameniita mara tatu, zote nimeitika, na naona naanza kulizoea jina lako.

Mdogo wako